Kumuuliza Chura Kwanza

Siku mliyoniaga, vijana wangu, mwenzenu mmoja wa mapokezi (simtaji, anajijua) alisimama mbele ya keki akasema, "Bibi yetu huyu alianza kazi enzi za kupima mimba kwa chura!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilicheka na mimi. Nilipofika nyumbani nikakasirika, maana hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza ilikuwaje. Nyie mnachovya kijiti kwenye kikopo, mistari miwili inatokea, mnasema "hongera mama," mnaita mwingine. Sasa tulieni niwaambie. Habari za vyeo na mishahara naziruka. Vyeo vilichelewa kuja na mishahara iliwahi kuisha, hakuna jipya hapo.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini, mtoto wa Magomeni, katika miaka ile ya Ujamaa ambayo kila mtu alikuwa ndugu. Hata aliyekuruka kwenye foleni ya sukari alikuwa ndugu. Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili vya bati nyuma ya zahanati moja Kariakoo, karibu kabisa na barabara ya Msimbazi. Mkuu wake alikuwa Mzee Jayanti, Mhindu aliyezaliwa hapahapa Dar, mwembamba, koti jeupe limeshonwashonwa viwiko kwa uzi wa bluu. Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Aliniuliza, "Binti, unaogopa chura?"

"Siogopi," nikasema. Wallahi nilikuwa naogopa kufa.

Akafungua pipa, akatoa chura mkubwa wa rangi ya udongo, akaniwekea kiganjani. Chura akanitazama, halafu akanikojolea mpaka kwenye mkono wa gauni. Mzee Jayanti akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Haya, ameshakuajiri. Nenda kanawe."

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Mwanamke analeta mkojo wake wa asubuhi. Unausafisha, unavuta kidogo kwenye bomba la sindano, unamchoma chura dume chini ya ngozi ya mgongo, ambayo imelegea kama soksi kubwa. Unamweka kwenye mtungi wa kioo, unasubiri saa mbili tatu. Kisha unachukua mrija mwembamba wa kioo, unakusanya tone la mkojo wa chura mwenyewe, unaliweka chini ya hadubini. Kama mwanamke ana mimba, mkojo wake una homoni ya mimba, na homoni ile inamfanya chura dume atoe mbegu zake. Unaziona zinahangaika pale kwenye kioo, nyembamba, zina haraka. Kama hana mimba, unaona maji matupu. Basi. Chura hafi, haumwi, anapumzishwa wiki kadhaa anarudi kazini, na akishazeeka anarudishwa bondeni. Mzee Jayanti hakukubali chura auawe. "Huyu hana pensheni," alikuwa anasema, "angalau apate likizo."

Vyura tuliletewa na Bi Pili, aliyekuwa analima mchicha bonde la Msimbazi. Alikuja na kikapu, mchicha juu, vyura chini, na ole wako uchanganye. Tulimchambulia palepale mlangoni. Ukitaka kujua dume, mshike mbavuni kwa vidole viwili umbane kidogo: dume analalamika, kro kro kro, anakwambia umwachie, umekosea mtu. Jike mara nyingi ananyamaza. Bi Pili alikuwa anasema, "Kama wetu tu, ukimgusa kidogo kelele," na wanaume waliokuwa kwenye foleni wakawa wanatazama pembeni. Chakula chao kilikuwa mende, na mende Kariakoo hatukuhitaji kuwaagiza kutoka nje.

Lakini somo kubwa alilonipa Mzee Jayanti lilikuwa moja. Kabla hujamchoma chura sindano, lazima kwanza uchukue tone la mkojo wake uliangalie. Liwe safi. Likiwa na mbegu tayari, chura huyo leo hafanyi kazi. Tuliita kumuuliza chura. "Umemuuliza?" "Nimemuuliza, mzee." "Kasemaje?" "Kasema hana neno." Nilipotaka kujua kwa nini chura awe na mbegu bila kuchomwa, mzee aliniambia, "Chura ana mambo yake. Ana ubongo wake, ana nyumba yake, ana mke wake bondeni. Sio chupa huyo." Nikaona maneno ya mtu mzima, nikaendelea na kazi.

Sasa nakuja kwa Manka.

Ilikuwa masika yanakaribia, jiji limefunga joto, mawingu yamesimama tu. Asubuhi alikuja mama mmoja wa kijeshi, buti na kofia, ameongozana na msichana mrefu aliyekonda mpaka kola ya shati inaelea shingoni. Msichana ndiye Manka. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, na wakati ule ukimaliza kidato cha sita unaenda kwanza kambini kulitumikia taifa: mchakamchaka alfajiri, jembe mpaka mchana, gwaride jioni. Usipomaliza kambi, chuo kikuu usahau. Na msichana akionekana ana mimba, kambi imeishia hapo.

Manka alikuwa hajaona siku zake kwa miezi minne. Na unajua alikamatwaje? Alijipeleka mwenyewe. Aliogopa anaumwa, akamwambia muuguzi wa kambi. Aliponiambia hivyo huku ananipa kichupa chake, akaongeza kwa sauti ya chini, "Dada, wenzangu wengi tu hawaoni. Ni mimi niliyesema." Nikamuuliza kama kuna mwanamume. Akanitazama machoni. "Hakuna. Hajawahi kuwepo."

Nikamwamini? Jamani, nilikuwa nimeshasikia "hajawahi kuwepo" kutoka kwa wanawake ambao vyura walisema vingine. Nikachukua kichupa tu.

Tukawauliza vyura asubuhi ile, mimi na Mzee Jayanti, mmoja mmoja. Wote safi. Tukamchagua mmoja mwenye afya, mzee akamchoma mwenyewe. Kabla ya adhuhuri mvua ya kwanza ikashuka, mvua ile ya Dar isiyobisha hodi, bati likalia mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Kwenye mtaro nyuma ya zahanati vyura wa mtaani wakaanza kuimba, na wa kwetu kwenye pipa wakawaitikia. Tukacheka. Mzee akasema leo kuna harusi.

Mchana tukaangalia tone la chura wa Manka. Mbegu zimejaa. Mzee akaangalia, nikaangalia, akaangalia tena. Hakuna ubishi. Akaandika jibu, yule mama wa buti akaliweka mfukoni, akaondoka nalo. Alipita dukani kwa baba yake Manka akamwambia, maana binti alikuwa harudi tena kambini.

Baba Manka alikuwa Mchaga wa Kilimanjaro, mwenye duka la jumla hapohapo Msimbazi, mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika. Binti yake alikuwa ndiye wa kwanza katika ukoo kukaribia chuo kikuu, na baba yake alikuwa ameshawaambia wateja wote, hata wanaokuja kununua sabuni moja. Jioni tunafunga maabara, nikamkuta Manka bado yuko kwenye benchi la nje, begi lake la kijeshi miguuni. Nikamwambia twende nikupeleke kwenu. Akasema, "Nimeshaenda."

Nikaenda mwenyewe. Baba Manka alikuwa anapanga madebe, hakugeuka. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba" kwa debe. Nikaeleza nimetokea zahanati, nimekuja kwa ajili ya Manka. Akasema, "Mwambie asikanyage mlangoni kwangu. Mimi nimemsomesha, yeye kanijibu hivi. Basi." Nilikuwa na majibu matatu mdomoni, yote makali. Lakini mtu mzima ni mtu mzima, nikayameza, nikarudi kumchukua binti nikampeleka kwetu Magomeni.

Mama yangu hakuuliza chochote. Alipakua ubwabwa na maharage, akamsogezea. Manka akala matonge mawili akasema ameshiba. Mama akamshika mkono wa juu, vidole vyake vikakutana upande wa pili. Akaniambia jikoni, "Mwanangu, huyu hata akitaka mimba ataiweka wapi?" Nilimkasirikia mama yangu kwa kusema vile, kwa sababu nilianza kuogopa.

Asubuhi nilimkuta Mzee Jayanti ameinama kwenye pipa, mikono nyuma, anasikiliza. Mvua ilikuwa imekatika lakini vyura bado wanaimba.

"Binti, jana tuliwauliza saa ngapi?"

"Asubuhi, mzee, kama kawaida."

"Kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua."

"Hebu tuwaulize tena."

Tukachukua vyura wa kwenye pipa, ambao hakuna sindano iliyowagusa tangu waletwe. Wa kwanza, mbegu. Wa pili, mbegu. Wa tatu alikuwa anamkumbatia mwenzake dume mwenye kulalamika, tukawatenganisha, mbegu wote wawili. Pipa zima lilikuwa limeitikia mvua. Mzee Jayanti akavua miwani, akakaa kwenye kiti, akasema kwa Kigujarati neno ambalo sikuwahi kulisikia tena kwake.

Chura hakuwa amejibu mkojo wa Manka. Alikuwa amejibu masika.

Dokta Rehema, daktari wetu, alikuwa anakuja siku mbili tu kwa wiki, na kwa bahati hiyo ilikuwa siku yake. Alikuwa bado kijana, amerudi masomoni karibuni, na alikuwa na tabia nzuri ya kukaa chini anapoongea na mgonjwa. Akampima Manka kwa mikono, akasema tumbo la uzazi ni dogo, hakuna kitu, miezi minne ingeonekana. Kisha akamuuliza mambo ambayo hakuna aliyeuliza. Analala saa ngapi? Amepungua kiasi gani? Anakula nini? Manka akasema ugali wa kambini unatosha, ila yeye koo limefunga, tangu afike analala akiwaza asije akashindwa akamwaibisha baba.

"Sikiliza, mdogo wangu," Dokta Rehema akasema, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mtungi wangu, masikio yote. "Siku zako haziamuliwi na tumbo. Zinaamuliwa na ubongo. Kuna homoni ndogo sana, juzijuzi tu wataalamu wameijua ilivyoundwa: ni peptidi, asidi amino kumi tu zimeungana. Ubongo unaidondosha kwenye tezi iliyo chini yake. Tezi ikiipata, inatuma homoni zake mpaka kwenye ovari. Ovari inaivisha yai, na ndipo unaona siku zako. Sasa ubongo nao una akili. Ukiona mwili unakimbizwa kila alfajiri, chakula hakiingii, roho iko juu, unafunga bomba. Unasema huu sio wakati wa kubeba mtoto. Hujaharibika. Ubongo wako unakulinda."

Manka akauliza, "Itafunguka?"

"Kula. Lala. Tulia. Itafunguka."

Hapo Mzee Jayanti akakohoa kule nyuma. "Na chura, dokta?"

Dokta Rehema akafikiri, halafu akaanza kutabasamu. Akasema hadhani kama chura ni tofauti sana. Mvua inanyesha, dume anasikia majike, ubongo wake unaiachia homoni, tezi inaitikia, mbegu zinatoka. Sisi na sindano yetu tulikuwa tunapita mlango wa nyuma tu: homoni ya mimba inajifanya kama ile ya tezi. Mvua ilikuwa imepita mlango wa mbele. Nikamtazama Manka, nikalitazama pipa la vyura. Kitu kilekile kilikuwa kimenyamaza kwa mmoja, na kwa wengine kimeamka chote kwa pamoja, na sisi katikati tukaandika jibu.

Miaka mingi baadaye, nyie wengine hamjazaliwa, nilikaa kwenye semina moja mwalimu akatuonyesha ukutani kwamba homoni ile ya ubongo wa mtu inapatikana hivyohivyo, asidi amino kumi zilezile kama shanga, kwenye ubongo wa chura. Akasema pia hutoka kwa mapigo, inatoka, inapumzika, inatoka tena, na ikitoka mfululizo bila kupumzika tezi inaacha kusikia. Wenzangu wanaandika, mimi nafuta machozi. Jirani yangu akadhani nina mafua.

Lakini siku ile kulikuwa na tatizo bado. Daktari amesema hana mimba, sawa, ila jibu la maabara lilikuwa limeshatangulia kambini na dukani, na jibu la maabara huondolewa na maabara. Vyura wote wamelewa masika. Vipimo vya kisasa vya kutoka nje vilikuwa havipatikani, fedha za kigeni hakuna. Nikamwambia mzee tuandike tu kwamba tulikosea. Akasema, "Tuliandika mara moja bila kujua. Hatuandiki mara ya pili bila kujua."

Basi tukachagua madume sita, tukawafungia kwenye boksi kavu ndani ya kabati la stoo, gizani, mbali na mtaro, tukaziba mlango kwa magunia wasisikie wenzao. Dokta Rehema alipopita akakuta mzee mzima na msichana wanakanyagia magunia mlangoni, akauliza tunafanya nini. Mzee akajibu kwamba tunawazuia wasisikie muziki. Kila asubuhi tuliwauliza. Siku ya kwanza wamejaa. Iliyofuata wamepungua. Nilikuwa naomba dua kwa ajili ya mkojo wa chura, Mungu anisamehe, na bado naamini aliisikia. Manka alikuwa anakuja na mimi kila siku, anakaa kwenye benchi, hatukumwambia aende popote. Nyumbani mama alikuwa anampa uji, anaunywa nusu.

Walipokuwa safi wote, tukafanya hivi, na nyie mnaojiona wa kisasa someni vizuri. Wawili tukawachoma maji ya chumvi matupu. Wawili, mkojo wa mama mmoja jirani mwenye tumbo la miezi sita, ambaye alicheka mpaka akashika ukuta tulipomwomba. Wawili, mkojo wa Manka. Tukasubiri. Sikuweza kukaa. Mvua ikatishia, ikapita Kigamboni. Tukaangalia. Wa mama jirani, mbegu. Wa maji ya chumvi, safi. Wa Manka, safi. Mzee Jayanti aliangalia kila kioo mara mbili, akaniita niangalie, akamwita na dokta. Kisha akaandika jibu jipya, na juu yake akaandika kwamba jibu la mwanzo lilikuwa kosa la maabara yake, akatia sahihi jina lake kamili. Wakati ule mtu aliweza kuitwa mhujumu kwa kosa dogo kuliko hilo. Sahihi ilinyooka. Tangu siku ile, kila kipimo kilikuwa na chura wa maji ya chumvi pembeni. Nyie mnakiita kidhibiti. Mimi nilikuwa nakiita jina la Manka kimoyomoyo.

Kambini, niseme ukweli, walijibu kiungwana: nafasi yake ipo, apumzike nyumbani mpaka apate nguvu. Na niwatoe wasiwasi mapema, baada ya miezi michache alikuja maabara mbio, akanivuta pembeni akaninong'oneza sikioni, tukarukaruka wawili kama wendawazimu, na Mzee Jayanti akajifanya anatafuta kitu kabatini. Alimaliza kambi. Chuo alikwenda. Watoto alipata, ameniletea wote niwaone.

Ila hayo yote yalitaka nyumbani, na nyumbani kulikuwa na mlango uliofungwa. Kwa hiyo siku ileile ya jibu jipya dokta akatuma mtu amwite Baba Manka.

Alikuja kabla ya adhuhuri, koti limefungwa vifungo vyote kwenye joto lile, akasimama dirishani kama mtu aliyekuja kulipia maji. Hakumtazama Manka aliyekuwa kwenye benchi nyuma yake, kati ya akina mama wenye vichupa vyao. Mzee Jayanti hakumwita ndani. Alitoka yeye.

"Mzee mwenzangu," akasema, "tulikosea sisi. Binti yako hana mimba, wala hajawahi kuwa nayo. Mvua ilitudanganya, na kosa ni langu. Binti yako alisema kweli tangu mwanzo."

Baba Manka akasogea. Akamshika Mzee Jayanti mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante. Ahsanteni sana. Nitawaletea mchele. Nitawaletea sukari, nina..."

"Hapana," Mzee Jayanti akasema, taratibu tu. "Sisi hutudai wala hatukudai. Yuko pale."

Mtu yule mnene akageuka. Akina mama wote kwenye benchi wakainua macho. Sasa fikirini, wakati ule, baba, mzee wa kanisa, mwenye duka, mbele ya wanawake wenye mikojo mikononi. Akavua kofia. Nilidhani atasema "twende nyumbani," na hilo lingetosha, wengi wangeliona kubwa.

Akasema, "Manka. Mwanangu. Nimekukosea. Ulisema kweli sikukusikiliza. Naomba unisamehe."

Manka akamtazama. Niliogopa, maana nilimjua kwa siku zile chache, alikuwa na uso wa mtu anayejua kusema hapana. Nikaona koo lake linameza mate, mara moja, mara ya pili.

"Baba," akasema, "nina njaa."

Na baba yake, na tumbo lake, na koti lake la vifungo vyote, akatoka pale mbio, akavuka Msimbazi bila kutazama gari, anampigia kelele mama wa chapati ng'ambo ya barabara asifunge, asifunge, anakuja.